Hesabu Isiyolalamika: Maandishi Ndani ya Fomula za Kujumlisha kwa Sharti

Hotuba kwa waweka hazina na makarani wa vikundi vya wavuvi na vya akina mama, Lamu mjini

Bwana mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu wa vikundi, ndugu makarani na waweka hazina mliovuka maji kutoka Faza, Siyu na Kizingitini, nanyi mliotoka Shela na Matondoni, asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa jina lake huonekana dogo, nalo ni namna ya kushughulika na maandishi tunapotumia fomula za kujumlisha kwa sharti, SUMIF na mwenzake SUMIFS, katika lahajedwali, yaani programu ya hesabu za safu na mistari kama Excel. Sitawarudisha kwenye masomo ya kufungua faili na kuihifadhi, kwa kuwa hayo mnayafanya kila jioni. Nitakaa juu ya kosa la namna moja tu, lile ambalo fomula hulipitisha kimya kimya, ikakupa jumla iliyopungua kwa uso ule ule mkavu ambao ingekupa jumla iliyo sahihi.

Tuanze na kazi yenyewe. SUMIF hupewa mambo matatu: eneo la kutazama, sharti la kutimizwa, na eneo la kujumlisha. Ukiandika =SUMIF(B2:B7,"Pweza",E2:E7), umeiagiza ipite safu ya B kuanzia mstari wa pili hadi wa saba, na kila inapokuta neno Pweza ichukue kiasi kilicho katika safu ya E kwenye mstari ule ule na kukiongeza kwenye jumla. SUMIFS hufanya kazi hiyo kwa masharti zaidi ya moja, kwa mfano pweza wa Shela peke yake, ila hapo eneo la kujumlisha hutangulia badala ya kuja mwisho, na mabadiliko hayo ya mpangilio huwakwaza wengi wanaohama kutoka fomula moja hadi nyingine.

Lahajedwali za kompyuta zilianza na VisiCalc mwaka 1979, na Excel yenyewe ikatoka mwaka 1985, lakini SUMIFS haikuja mpaka Excel ya mwaka 2007. Mwaka huo kwetu Kenya ulikuwa na mambo yake: ndipo M-Pesa ilipoanza, na ndipo zilipotoka kanuni za vikundi vya usimamizi wa fukwe, hivi tunavyoviita BMU. Kwa hiyo chombo cha kuchambua hesabu, njia mpya ya kulipana na wajibu wa kuweka rekodi za samaki walioletwa nchi kavu vilitufikia karibu kwa pamoja, na mzigo wote ukamwangukia karani, ambaye tangu hapo hunakili huku kutoka daftari la pwani, huku kutoka ujumbe wa simu, na huku kutoka faili aliyotumiwa na mwenziwe wa kituo kingine.

Sasa natazameni mistari hii sita, ambayo bei zake ni za mfano tu, asije mtu akanishika nazo sokoni. Safu ya A ni tarehe, nayo nitaiacha. B ni aina, C ni kituo, D ni kilo, na E ni shilingi.

Mstari wa 2: Pweza, Shela, 6, 1800
Mstari wa 3: pweza, Shela, 4, 1200
Mstari wa 4: Pweza, Shella, 5, 1500
Mstari wa 5: Kamba mawe, Kizingitini, 3, 4500
Mstari wa 6: Pweza, Matondoni, 7, 2,100/=
Mstari wa 7: Kamba, Kizingitini, 2, 1000

Mtu yeyote hapa akiulizwa fedha za pweza, atajumlisha kichwani 1800, 1200, 1500 na 2100, apate 6600. Fomula niliyoitaja hutoa 3000. Hakuna rangi nyekundu, hakuna alama ya kosa, na karani aliyechoka saa moja usiku ataiandika 3000 katika ripoti na kufunga mashine. Shilingi 3600 zimepotea, na hazikupotea kwa sababu moja, bali kwa sababu mbili zisizofanana, ambazo kila moja inahitaji dawa yake.

Niondoe kwanza shaka isiyo na msingi. Mstari wa tatu una herufi ndogo mwanzoni, na nimewaona makarani wakipoteza muda mwingi kubadilisha herufi ndogo kuwa kubwa wakidhani hapo ndipo penye ugonjwa. SUMIF haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Pweza, pweza na PWEZA kwake ni neno moja. Kwa ajili ya sura ya ripoti sahihisheni mkipenda, lakini kwa ajili ya jumla ni kazi bure.

Ugonjwa wa kwanza uko mstari wa nne. Aliyeandika neno Pweza aligusa kibonye cha nafasi kabla ya kwenda seli iliyofuata, yaani kisanduku kilichofuata, kwa hiyo ndani ya seli ile kuna herufi tano na nafasi moja baada yake. Jicho halioni kitu, kwa kuwa nafasi iliyo mwishoni mwa neno haina umbo, ila fomula huiona na kuamua kwamba hili si lile neno ililoagizwa. Njia ya kuthibitisha ni kuandika pembeni =LEN(B4), fomula inayohesabu herufi; ikikujibu 6 mahali pa 5, umempata mwizi wako. Shilingi 1500 ziliondoka kwa mlango huo.

Ugonjwa wa pili uko mstari wa sita, na huu ni wa kwetu hasa, maana sisi tumezoea kuandika fedha kwa mkwaju na alama ya sawasawa mwishoni, tangu shuleni, katika stakabadhi za duka na katika kadi za michango ya harusi. Mtu akiandika 2,100 peke yake, Excel iliyowekwa kwa mpangilio wa Kenya huelewa kwamba koma ni ya maelfu na huipokea kama nambari. Akiongeza /= kiasi chote hugeuka kuwa maandishi, sawa na jina la mtu au la kijiji. Fomula inaufikia mstari ule na kukubali kwamba neno ni Pweza, lakini inapogeukia safu ya E kuchukua fedha inakuta maandishi, nayo hupita kana kwamba seli ni tupu. Ni hivyo hivyo ukiandika Ksh mbele ya kiasi, ukiandika kilo 7 badala ya 7, au ukibonyeza herufi ya O mahali pa sifuri.

Mtauliza kwa nini waliounda programu wakaifanya ivumilie namna hiyo. Sababu ipo, na si ya kipuuzi. Juu ya kila safu ya fedha kuna kichwa cha maneno, na mara nyingi katikati kuna maelezo kama vile "deni" au "hakutokea". Kama fomula ya SUM, ile inayojumlisha bila sharti, ingekataa kufanya kazi kila ikutanapo na neno, hakuna ambaye angeweza kujumlisha safu nzima. Ndiyo maana SUM, SUMIF na SUMIFS zote huruka maandishi yaliyomo katika eneo la kujumlisha. Alama ya kujumlisha ya kawaida haina uvumilivu huo: andikeni =E5+E6 katika faili yetu, nanyi mtapata #VALUE!, yaani programu imekiri kwamba imeshindwa.

Hapo pana mtego mwingine ambao nadhani ndio unaozaa ugomvi mwingi kati ya karani na karani. Chukueni kiasi kilichoandikwa 2100 bila /=, lakini kikawa kimehifadhiwa kama maandishi, kwa mfano kwa sababu safu iliwekwa mapema kuwa ya maandishi. Alama ya kujumlisha hukigeuza kimya kimya kuwa nambari na kukiongeza, SUM hukiruka. Basi karani wa kwanza amejumlisha seli moja moja kwa alama ya kujumlisha, wa pili ametumia SUM, kila mmoja ana jumla yake, kila mmoja ana hakika, na faili ni moja. Kabla ya kutuhumiana, itazamwe safu ya fedha.

Dalili zake huonekana kwa macho, ingawa si daima. Kama hakuna aliyebadilisha mpangilio wa seli, nambari hukaa upande wa kulia na maandishi hukaa kushoto, na kwa hiyo kiasi kilichoegemea kushoto ni cha kutiliwa shaka. Excel pia huweka pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya seli yenye nambari iliyohifadhiwa kama maandishi, lakini msiitegemee hiyo kwa kila kitu, kwa kuwa 2,100/= haitaipata; mbele ya programu hiyo si nambari iliyokosewa, ni maneno tu. Na mkishagundua, kubadilisha aina ya seli kutoka maandishi kuwa nambari hakutoshi. Kilichokwisha kuandikwa hubaki kama kilivyo mpaka kiandikwe upya au kigeuzwe kwa fomula, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani mashine imewakaidi.

Kwa hiyo naomba kila ripoti, kabla ya kutoka mkononi mwa mweka hazina, ipitishwe katika mitihani miwili. Wa kwanza ni wa majina. Andikeni jumla ya kila aina kwa jina lake: Pweza 3000, Kamba mawe 4500, Kamba 1000. Zikusanyeni hizo, mpate 8500. Kisha jumlisheni safu nzima kwa =SUM(E2:E7), mpate 10000. Zilizopungua ni 1500, nazo ni zile zile za mstari wa nne ambao haukupata mwenyewe. Tofauti yoyote kati ya jumla ya sehemu na jumla ya safu maana yake kuna mstari ambao jina lake halikutambuliwa.

Hapo pana njia ya mkato ambayo ni hatari. Mtu husema, kwa nini niorodheshe aina zote wakati ninaweza kuandika "Pweza" kwa upande mmoja na "<>Pweza", yaani kila kisicho Pweza, kwa upande wa pili? Fomula ya pili itatoa 7000, na 3000 ukiongeza 7000 unapata 10000 kamili, mambo yakaonekana shwari. Lakini ndani ya zile 7000 mmekaa Pweza wetu mwenye nafasi mwishoni, aliyehesabiwa kuwa si pweza. Sharti la kukanusha hupokea kila kilichopotea njia, ndiyo sababu mtihani wa aina hiyo hufaulu sikuzote na haufai kuitwa mtihani.

Mtihani wa pili ni wa fedha zenyewe, na ni lazima, kwa kuwa ule wa kwanza hauwezi kuziona zile 2100: SUMIF imeziruka na SUM imeziruka vilevile, pande zote mbili zimepungua sawasawa. Andikeni =COUNTIF(E2:E7,"*"), fomula inayohesabu seli zinazotimiza sharti. Kinyota kilicho peke yake ndani ya alama za usemi maana yake ni maandishi yoyote, na nambari halisi hazihesabiwi. Kwa safu ya fedha iliyo safi jibu ni sifuri. Hapa jibu ni 1, nanyi mnajua kuna seli moja ya kutafutwa. Nauthamini mtihani huu kuliko mwingine wowote nitakaoutaja, kwa kuwa ni mstari mmoja, unafanyika kwa dakika moja, na unaweza kukaa chini ya safu mwaka mzima bila kuguswa.

Tuje kwenye kusafisha. Kwa nafasi zilizozidi, fomula ya =TRIM(B2) huondoa zilizo mwanzoni na mwishoni mwa maneno, na zilizorudufiwa katikati huzibakiza moja, jambo linalofaa kwa jina kama Kamba mawe ambalo mwingine ameliandika kwa nafasi mbili. Iwekeni katika safu ya pembeni, iteremsheni hadi chini, na SUMIF ielekezwe huko. Lakini ipo nafasi ambayo TRIM haiigusi. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za intaneti huja mara nyingi na nafasi isiyokatika, ambayo kwa nambari za ndani za kompyuta ni 160, ilhali nafasi ya kibonye chetu ni 32, na TRIM inaijua hiyo ya 32 peke yake. Kwa hiyo fomula iliyo kamili ni hii:

=TRIM(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160)," "))

Kwanza inageuza nafasi ngeni kuwa ya kawaida, kisha inapunguza zilizozidi. Kwa upande wa fedha, =VALUE(SUBSTITUTE(E2,"/=","")) huondoa mkwaju na alama ya sawasawa na kurudisha kiasi kuwa nambari, na seli zilizokuwa safi tangu mwanzo hazidhuriki kwa kupitia humo.

Majina ya watu na ya mahali ni shughuli kubwa zaidi kwetu kuliko nafasi, kwa sababu hakuna fomula ya kuyasafisha. Mmeona mstari wa nne umeandikwa Shella kwa L mbili. Hiyo si kosa la kuandika mbio tu. Tahajia zote mbili hutumika, kama ilivyo Siyu na Siu, na kama ilivyo Amu na Lamu, ambazo mzee wa Mkomani huzitumia zote katika sentensi moja bila kuona taabu. Ukiuliza fedha za Shela kwa faili yetu utajibiwa 3000, na zile 1500 zilizobaki zitaonekana kuwa za kituo ambacho ripoti haikijui. Kwa majina ya wanachama ndiyo balaa: Mohamed, Mohammed na Muhammad, Abdalla na Abdallah, Athman na Athumani. Kitambulisho kina tahajia moja, simu ina ya pili, na daftari la kikundi lina ya tatu, na mchango wa mtu mmoja ukagawanyika kwa watu watatu ambao wawili kati yao hawapo duniani.

Kwa maoni yangu mchango haupaswi kabisa kujumlishwa kwa jina. Kila mwanachama apewe nambari, na jina libaki kwa ajili ya kusomwa tu. Ila nambari nayo ichaguliwe kwa busara, kwa maana SUMIF ina tabia ambayo wengi hawaijui: sharti likifanana na nambari, hulichukua kuwa nambari, hata kama seli ni ya maandishi. Kwake 012, 12 na 0012 ni kitu kimoja. Kama vikundi viwili vimeunganisha vitabu, na kimoja kilimpa mtu 012 na kingine kikampa mtu mwingine 12, michango yao itajumlishwa pamoja kila mnapomuuliza mmojawao. Nambari ndefu nazo zina shida yake, kwani Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za nambari. Akaunti mbili zenye tarakimu 16 zinazotofautiana tarakimu ya mwisho huonekana kwa SUMIF kuwa moja, hata zikiwa zimeandikwa kama maandishi. Dawa ni kutanguliza herufi. W012 haiwezi kugeuzwa kuwa nambari na mtu yeyote, sifuri yake haidondoki, na haitachanganyika na W12. Wanaotumia nambari ya simu kama kitambulisho nao wajue kwamba sifuri ya mwanzo hudondoka pale inapoandikwa katika seli ya kawaida, na kwamba sharti la "07*" halitakamata simu hata moja iliyohifadhiwa kama nambari, kwa sababu kinyota hufanya kazi juu ya maandishi peke yake.

Nimekitaja kinyota mara mbili, basi nikimalize. Kikiwa ndani ya sharti husimama mahali pa herufi zozote, ziwe nyingi au zisiwepo kabisa; alama ya kiulizi husimama mahali pa herufi moja. "Kamba*" katika faili yetu itatoa 5500, kwa kuwa imekusanya Kamba na Kamba mawe. Kama hilo ndilo ulilotaka, ni jema. Lakini katika faili inayochanganya mauzo na manunuzi, itakusanya pia kamba ya kufungia mashua, nawe utajikuta umeuza dukani ulichokwenda kukinunua. Anayetaka kutafuta kinyota chenyewe, au alama ya kiulizi iliyoandikwa na karani mwenye mashaka, atangulize alama ya wimbi, yaani "~?". Na wanaotumia LibreOffice Calc watazame mipangilio yao, kwa maana huko kazi ya kinyota inaweza kuwa imezimwa, na fomula iliyofanya kazi ofisini ikatoa sifuri nyumbani.

Kuhusu alama za usemi, nitasema kwa ufupi. Sharti la maneno lazima liwe ndani yake. Ukiziacha utapata sifuri mahali pa jumla, bila alama yoyote ya kosa. Alama za usemi zilizopinda, zile zinazokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwa barua au ujumbe, hazikubaliki. Ziandikwe upya kwa kibonye. Alama za kulinganisha nazo hukaa ndani, kama ">500", na mpaka ukiwa umeandikwa katika seli nyingine, viunganishwe kwa alama ya &: ">"&H1. Lililo bora ni kutolichapa neno ndani ya fomula hata kidogo, bali kuandika aina zote katika safu ya G na kuielekeza fomula huko, =SUMIF($B$2:$B$7,G2,$E$2:$E$7), ili neno lisahihishwe mahali pamoja.

Mpaka hapa nimezungumzia nambari iliyojificha ndani ya maandishi. Upo pia upande wa pili, maandishi yanayogeuzwa nambari bila idhini. Mvuvi ameleta robo tatu ya kilo ya ngisi, na karani akaandika 3/4 katika safu ya kilo. Excel inaisoma hiyo kuwa tarehe. Kwa mpangilio wa Kenya ni tarehe 3 Aprili, na kwa kuwa tarehe ndani ya programu ni hesabu ya siku tangu mwanzo wa mwaka 1900, tarehe 3 Aprili 2025 ni nambari 45750. SUMIF itaijumlisha bila kusita, na kikundi kitaripoti zaidi ya tani 45 za ngisi kwa siku moja. Aandike 0.75, au 0 kisha nafasi kisha 3/4. Hili halikuwapata wavuvi peke yao: mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayoyapa majina jeni za binadamu ilitoa miongozo, na majina kama SEPT1 na MARCH1 yakabadilishwa kuwa SEPTIN1 na MARCHF1, kwa sababu lahajedwali zilikuwa zikiyageuza kuwa siku za Septemba na Machi. Kwa hiyo anayefupisha jina la kikundi chake kuwa MAR na kuandika MAR1 kwa mwanachama wa kwanza, atafute kifupi kingine.

Kuna fomula moja ninayoipendelea kwa hesabu za mwisho wa mwezi, hasa kwa faili zilizotoka mikono mingi:

=SUMPRODUCT((TRIM(B2:B7)="Pweza")*VALUE(SUBSTITUTE(E2:E7,"/=","")))

Hii inasafisha majina na fedha kwa pamoja, na kwa mistari yetu inatoa 6600. Pia hulinganisha maandishi kama maandishi, kwa hiyo 012 na 12 haitazichanganya mkiiandikia nambari ya mwanachama ndani ya alama za usemi. Wengi huiogopa kwa urefu wake, na wengine huilaumu kwa kuwa seli moja tu yenye neno "deni" huifanya ikatae kazi yote na kuonyesha #VALUE!. Mimi naihesabu hiyo kuwa sifa yake. Fomula inayokataa hukulazimisha kuitafuta seli, ilhali SUMIF ingekupa jumla pungufu ukaenda nayo kwenye mkutano wa wanachama.

Kwa faili mpya, mtengenezeeni karani orodha ya kuchagua katika safu ya aina na ya kituo, ili asichape neno bali alichague, na safu ya fedha iwekewe kizuizi kinachokubali nambari peke yake. Ila fahamuni kwamba kizuizi hicho humzuia anayechapa; anayenakili kutoka mahali pengine na kubandika hupita juu yake bila kusimamishwa, ndiyo maana ile mitihani miwili haiondoki hata penye orodha.

Kwa vitabu vya miaka iliyofungwa na kukaguliwa, rai yangu ni kwamba visisahihishwe ndani yake. Nakilini faili, fanyeni usafi katika safu mpya za nakala hiyo, andikeni tofauti iliyopatikana pamoja na sababu ya kila mstari, na karatasi hiyo ipelekwe kwa kamati ikiwa na sahihi ya mweka hazina. Safu ya zamani ibaki kama ilivyoandikwa, nafasi zake na mikwaju yake, kwa sababu ndiyo itakayomwonyesha mkaguzi kwamba fedha zilikuwa zimeruka na hazikuwa zimeliwa.

Bwana mwenyekiti, nimemaliza yaliyo yangu. Ningependa katika maswali tuwatangulize wale waliokuja na faili zilizonakiliwa kutoka simu na kurasa za intaneti, kwa kuwa usafi wake ni mrefu zaidi na jahazi la Faza haliwezi kungojea maji yakishaanza kutoka.